Udongo, Nyumba na Hati: Historia ya Kununua Makao katika Masisi na Walikale

Neno "kununua" halina utata katika kamusi. Mtu hutoa fedha, hupewa kitu, na kitu kile huwa chake. Lakini katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, neno hili limebeba maana zaidi ya moja kwa muda wa karne nzima kila lilipotumika juu ya mahali pa kujenga nyumba. Mnunuzi wa huko amenunua mbao na mabati. Amenunua ruhusa ya kukaa. Amenunua ushahidi wa majirani. Kisha amenunua karatasi ya serikali. Na mara nyingi, baada ya kumaliza yote hayo, ametokea mtu mwingine aliyenunua mahali pale pale kwa njia nyingine, naye akiwa na haki yake ya kusema.

Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili waziwazi kuliko Sake. Mji huu mdogo uko kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, kiasi cha kilomita 25 kutoka Goma, pale ambapo uwanda wa mawe ya volkeno unakoma na milima ya Masisi inaanza kupanda. Hapo barabara hugawanyika: moja huelekea Minova na Bukavu, nyingine Kitchanga, na ya tatu hupanda kwenda Masisi hadi Walikale. Kwa desturi Sake imo katika kundi la vijiji la Kamuronza, chini ya uchifu wa Bahunde. Kwa maisha ya kila siku ni kama kitongoji cha Goma. Maharagwe, viazi, maziwa na jibini za milimani hushukia hapo, na watu waliochoshwa na bei za viwanja vya mjini hutafuta hapo mahali pa kujenga. Hata hivyo nafasi yenyewe ni finyu. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni milima, na upande wa tatu ni mawe meusi ya volkeno ya Nyamulagira, ambayo mlipuko wake wa miaka 1938 hadi 1940 uliteremsha lava mpaka ziwani karibu na Sake. Nyuma ya mawe hayo ipo hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, nayo sasa huitwa Virunga. Kiwanja cha Sake, basi, ni kitu adimu, na kitu adimu huvuta wadai wengi.

Ili kuuelewa udai huo hapana budi kurudi nyuma, kwenye wakati ambapo udongo haukuwa na bei. Miongoni mwa Wahunde wa Masisi, kama miongoni mwa Wanyanga wa Walikale, ardhi ilishikwa na mwami kwa niaba ya watu wake, naye aliigawa kupitia wakuu waliokuwa chini yake. Aliyepewa mahali pa kukaa alitoa kitu kama alama ya kumtambua aliyempa, kisha kila msimu alitoa sehemu ya mavuno au siku za kazi. Upande wa Bushi, kusini zaidi, malipo ya kuingilia katika uhusiano huo yanajulikana kwa jina la kalinzi, na wataalamu wengi wa historia ya Kivu wameyaandikia. Kosa la kawaida ni kuyafasiri malipo hayo kuwa bei. Bei humaliza uhusiano: mwuzaji na mnunuzi huachana sokoni, kila mmoja akaenda zake. Malipo ya kimila hufanya kinyume chake. Huanzisha uhusiano, nao huendelea hata kwa wajukuu. Kwa mtazamo huo kijiji hakitengani na mkuu wake. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, kisa chote huanzia kwa mtawala Shemwindo na kijiji alichokijenga, Tubondo. Mtu na mahali hutajwa kwa pumzi moja.

Utawala wa kikoloni ulikuja na fikra nyingine kabisa. Kwa amri ya Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi zote zilizo tupu ni mali ya dola. Utupu huo ulipimwa kwa macho ya mgeni: mlima uliopumzishwa ili urudishe rutuba, au msitu wa kuwindia, ulihesabiwa kuwa hauna mwenyewe. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyokabidhiwa kazi ya kuwagawia walowezi na makampuni mashamba. Milima ya Masisi, yenye hali ya hewa ya baridi na udongo wa volkeno, ilipendwa upesi kwa kahawa, pareto na malisho ya ng'ombe. Kilichokosekana ni watu wa kufanya kazi.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda, ambako njaa na msongamano viliwatia wasiwasi watawala wa Kibelgiji. Mpango huo, uliojulikana kwa kifupi cha Kifaransa MIB, uliendeshwa kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 85,000 waliletwa kwa njia hiyo. Serikali iliwatengea eneo la Gishari, katika nchi ya Wahunde, ikalipa fidia kwa mamlaka ya kimila na kuliundia eneo hilo uchifu wake wenyewe wenye watawala kutoka Rwanda. Swali la nini hasa kilichouzwa Gishari halikupata jibu moja. Mbelgiji aliona kwamba ardhi imekwisha kukombolewa kutoka kwenye haki za kimila. Mhamiaji, aliyefika kwa amri ya serikali na kukabidhiwa shamba na serikali ile ile, aliona kwamba hana deni kwa mtu. Na mkuu wa Wahunde aliona kwamba amepokea wageni, na kwamba fidia aliyopokea ni alama ya kutambuliwa kwake, kama ilivyokuwa siku zote. Fedha zilikuwa zile zile, ila masikio yaliyosikia maana yake yalikuwa matatu. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliufuta uchifu wa Gishari na kulirudisha eneo lake chini ya wakuu wa Wahunde. Familia zilizokuwa zimekaa hapo miaka ishirini, zikajenga na kuzika wazee wao, zikajikuta tena zikihesabiwa kuwa ni wapangaji.

Miaka michache baada ya uhuru kulikuwa na mapigano, kati ya 1963 na 1965, ambayo wenyeji huyakumbuka kwa jina la vita vya Kanyarwanda. Yalipopoa, kazi ya kuvuruga maana ya kununua iliendelezwa, si kwa mapanga, bali kwa sheria.

Sheria ya kwanza ni ile iitwayo Bakajika, ya Juni 1966, iliyorudisha kwa dola haki zote za ardhi zilizokuwa zimetolewa na mkoloni. Ya pili ni sheria kuu ya mali namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria hii ndiyo iliyoamua maisha ya kila mwenye nyumba Masisi, awe anaijua au haijui. Ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya dola pekee, haiuzwi wala haihamishwi. Raia anaweza tu kupewa haki ya kuitumia, iitwayo konsesio. Konsesio ni ya aina mbili. Ya kudumu hupewa mtu mwenye uraia wa nchi, na ya kawaida hutolewa kwa muda maalumu. Haki hiyo haithibitiki kisheria ila kwa hati ya usajili inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, na hati hiyo, ikishapita miaka miwili tangu kutolewa, haiwezi tena kupingwa. Na ardhi za vijiji je? Kifungu cha 387 kilizifanya nazo kuwa ardhi za dola, na kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wakazi wake zitawekewa kanuni kwa agizo la rais. Hadi utawala wa Mobutu unaanguka, Mei 1997, agizo hilo lilikuwa halijatolewa.

Matokeo yake yanaeleweka. Mwami aliendelea kugawa udongo, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kwa vitendo na watu hawakuwa na mwingine wa kumwendea. Lakini alichogawa hakikuwa tena na nguvu mbele ya mahakama. Mwenye karatasi ya Goma au Kinshasa aliweza kuwakuta wakazi wa mlima mzima na kuwaambia kwamba wanaishi katika shamba lake, naye akawa anasema kweli kwa mujibu wa sheria. Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba mali za wageni zipewe wazalendo, mashamba ya walowezi wa Masisi yaliingia mikononi mwa wakubwa wa siasa na biashara. Watu hao waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, yaani waliojipatia. Kiswahili kingeweza kuwaita wanunuzi, lakini wengi wao hawakulipa cho chote. Katika muongo uliofuata mashamba ya mifugo, ambayo wenyeji huyaita ferme mpaka leo, yalipanda milima hadi kwenye viambaza vya nyumba za wakulima. Wako wakuu wa kimila walioshiriki katika jambo hilo, wakigeuza kwa siri ardhi ya ukoo kuwa mali ya mtu mmoja. Lawama haiwezi kuwekwa kwa wageni peke yao.

Jambo la uraia liliingia papo hapo, na wasomaji wa historia ya Kivu mara nyingi hulitenga na suala la nyumba ilhali ni jambo moja. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaifuta ile ya kwanza. Kwa kuwa konsesio ya kudumu ilikuwa ya raia peke yao, kufutwa kwa uraia kuligusa msingi wa nyumba. Mtu aliyenunua kiwanja mwaka 1975 akiwa raia aliweza kuambiwa mwaka 1982 kwamba hakuwa na haki ya kukinunua. Uraia wa jamii hizo ulikuja kutambuliwa upya kwa sheria ya Novemba 2004, lakini kati ya miaka hiyo miwili, 1981 na 2004, palipita vita vitatu.

Cha kwanza kilianza Walikale. Wilaya hii ina eneo la kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi yenye 4,734, na kwa sehemu kubwa ni msitu. Huko ardhi haikuwa haba, wala mtu hakuhitaji kununua kiwanja ili ajenge. Ukoo ulikuwa na msitu wake, na nyumba ya miti, udongo na majani ilijengwa kwa mikono ya jamaa. Lakini wakulima waliosukumwa na mashamba ya mifugo ya Masisi walikuwa wamekwisha kuteremkia mashariki mwa Walikale wakitafuta mahali pa kulima, na swali la nani ana haki ya kutoza, na nani ana haki ya kupiga kura, lilikuwa limewatangulia huko. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalitokea katika soko la Ntoto. Kwa siku chache yaliwaka Masisi yote. Maelfu ya watu waliuawa, na wapatao robo milioni waliyakimbia makao yao. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakajaa katika makambi ya Goma, mojawapo likiwa Mugunga, kwenye njia ya Sake. Na makambi hayo yalipovunjwa mwishoni mwa 1996, vita vilikwisha kuwa vya nchi nzima.

Walikale ilikuja kujua soko la viwanja kwa sababu nyingine. Mapema katika miaka ya 2000 ligunduliwa bati katika mlima wa Bisie, ndani ya msitu. Wachimbaji walimiminika, mizigo ilibebwa mgongoni msituni mpaka Njingala, na ndege ndogo zilitua kwenye kipande cha lami cha barabara kuu huko Kilambo ili kuyachukua madini kwenda Goma. Kando ya njia, Mubi na Njingala zikageuka kuwa miji ya mbao, ambamo aliyekuwa wa kwanza kusafisha kichaka alikuwa na kitu cha kuuza. Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, iliyokuwa na thamani jana haikuwa nayo leo. Baadaye, kampuni ya Alphamin ilipoanza uzalishaji wa kiwanda Bisie mwaka 2019, tofauti ya zamani ilirudi katika sura mpya: kampuni ilikuwa na kibali cha Kinshasa, na wakazi walikuwa na neno la mababu.

Sake yenyewe imekua kwa misiba ya wengine. Waliokimbia Masisi mwaka 1993 walishukia hapo. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia hapo. Katika kila wimbi wako waliorudi kwao, na wako waliotafuta parseli. Neno hili, lililotoka katika Kifaransa, ndilo litumikalo Goma na vitongoji vyake badala ya kiwanja, na linabeba wazo la kipande kilichopimwa. Hata hivyo vingi kati ya vipande hivyo havikupata kupimwa na mpimaji wa serikali.

Utaratibu wa ununuzi, jinsi ulivyozoeleka, huanza kwa mtu wa kati, komisioneri, ambaye hujua nani anauza na huchukua fungu lake pande zote mbili. Wahusika hukubaliana bei, kwa kawaida kwa dola za Kimarekani. Kisha huandikwa hati ya mauziano, mara nyingi kwa mkono, ikitiwa sahihi na mwuzaji, mnunuzi na mashahidi. Mkuu wa mtaa au wa kijiji huweka muhuri wake na hupewa haki yake. Wachache huendelea mpaka Goma, kwa mhifadhi wa hati, kwa kuwa safari hiyo ina malipo mengi: uchunguzi wa ardhi tupu, upimaji, mkataba wa awali, na ushahidi kwamba kiwanja kimeendelezwa. Mwanamke aliyeolewa alikuwa na kizuizi cha ziada. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria, na sharti hilo halikuondolewa mpaka Julai 2016. Wajane na wake wa wanaume waliopotea vitani, ambao hawakuwa na mtu wa kuwapa idhini wala cheti cha kifo cha kuonyesha, walinunua kwa jina la kaka au la mtoto wa kiume, na matatizo yakaahirishwa hadi siku ya urithi.

Juu ya parseli hiyo hujengwa nyumba ya mbao, juu ya msingi wa mawe ya volkeno, yenye paa la mabati ambayo Goma huitwa manjanja. Wageni huiona kuwa nyumba ya maskini tu. Ukweli ni kwamba ndiyo sehemu ya mali iliyo na hakika kuliko zote. Mbao na mabati vina bei inayojulikana sokoni. Vinaweza kufumuliwa kwa siku moja, kupakiwa na kusimamishwa mahali pengine. Udongo ulio chini yake ndio usiobebeka, na ndio ambao umiliki wake una mashaka. Mwenye nyumba wa Sake huwekeza katika kile awezacho kuondoka nacho, na hilo ni hesabu nzuri ya mtu anayeijua historia ya mahali anapokaa.

Historia hiyo haikumpumzisha. Novemba 2006 jeshi na wapiganaji wa Laurent Nkunda walipigania Sake. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, mapigano yalifika tena hapo. Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yalikuwa yameagiza kuundwa kwa kamati za kudumu za upatanisho katika vijiji, ili wanaorudi wasikilizane na wanaokaa katika mashamba yao. Lakini kamati ina uwezo wa kusikiliza, haina uwezo wa kutoa hati. Februari 2024 mji ulibaki karibu mtupu, wakazi wake wakiwa chini ya maturubai kuelekea Goma. Januari 2025 M23 iliuteka Masisi mjini, kisha Sake na Goma. Machi iliingia Walikale mjini na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Februari mwaka huo huo watu waliokuwa makambini karibu na Goma walitakiwa wayaondoke na kurudi makwao.

Hapo ndipo kifungu cha miaka miwili kinapopata uzito ambao watunga sheria wa 1973 pengine hawakuufikiria. Muda huo uliwekwa ili kumlinda mwenye hati dhidi ya wadai wasiokwisha. Lakini aliyefukuzwa na vita kwa miaka mitatu hakuwapo kuona alama za wapimaji zikiwekwa katika parseli yake, wala kusikia tangazo la uchunguzi likisomwa. Anaporudi hukuta hati ya mwingine imekwisha kukomaa. Yeye mwenyewe, akibahatika, anayo karatasi iliyoandikwa kwa mkono, iliyokunjwa mara nne na kufungwa katika mfuko wa plastiki. Karatasi kama hiyo kwa kawaida haitaji vipimo. Hutaja mipaka kwa majina ya watu: juu ni kwa baba fulani, chini ni kwa mama fulani, kushoto ni njia iendayo mtoni, kulia ni kwa mjane wa fulani. Shahidi wa kwanza ni jirani wa juu, na wa pili ni jirani wa chini, na ili karatasi isomeke lazima kwanza watafutwe hao.